Bustani ya Uhuru na Jumba la Orofa 60

Mtu atokaye mashambani akifika Nairobi, akavuka barabara ya Uhuru Highway kutoka upande wa maduka na maofisi, huona mbele yake uwanja mpana wa majani na miti, na ziwa dogo lililotengenezwa na watu. Hiyo ndiyo Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi wa Mei, 1969. Ukubwa wake ni kama hekta 13, yaani eka 32 hivi. Kwa mkulima wa Trans Nzoia hilo si shamba la kujivunia, lakini katikati ya mji mkuu eka 32 zisizo na nyumba ni kitu ambacho kila mwenye fedha za kujenga hukitazama kwa macho mawili.

Katika mwaka wa 1989 habari zilitokea kwamba sehemu ya bustani hiyo ingejengwa jumba la orofa 60. Wenye shauri hilo walikuwa Kenya Times Media Trust, chama kilichohusika na gazeti la KANU, wakishirikiana na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Ndani ya jumba mlikuwa muwe na makao makuu ya KANU, ofisi za gazeti, kumbi za mikutano, maduka, na mahali pa kuegesha motokaa 2,000. Nje ingesimamishwa sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama zilikisiwa kuwa kama dola milioni 200 za Kimarekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ikopwe kutoka nchi za nje. Ili msomaji apate kipimo cha urefu wake, akumbuke kwamba jumba la mikutano la KICC, ambalo wakati huo lilikuwa refu kupita yote mjini, lina orofa 28 tu.

Si haki kudhani kwamba waliolitaka jumba hilo hawakuwa na hoja. Walisema kuwa nchi inayoendelea haina budi kuwa na majengo ya fahari. Kwamba kazi zingepatikana. Kwamba magazeti na mawasiliano yangepata vyombo vya kisasa. Na kwamba bustani isingeliwa yote. Hoja hizo bado husikika kila mahali panapogombewa uwanja wa umma, na mwenye kuzipinga yampasa azijibu, wala asizicheke.

Aliyesimama kuzijibu alikuwa Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, chama alichokianzisha mwaka wa 1977 ili akina mama wapande miti. Kuanzia mwezi wa Oktoba, 1989, aliandika barua nyingi: kwa wenye gazeti, kwa Ofisi ya Rais, kwa wakuu wa mji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na hata kwa Balozi wa Uingereza, akimwomba aseme na Bwana Maxwell. Aliuliza kama watu wa London wangekubali jumba la namna ile lijengwe katika Hyde Park, au watu wa New York katika Central Park. Akaeleza kwamba mtu akaaye na jamaa yake katika chumba kimoja upande wa mashariki ya mji hana ua wala bustani nyumbani. Siku ya Jumapili huwachukua watoto akaenda nao Uhuru Park kupumua. Tajiri anayo bustani yake nyuma ya nyumba. Na deni la ng'ambo, je, lingelipwa na nani?

Majibu aliyopata yalikuwa makali. Mwezi wa Novemba, Wabunge walisimamisha shughuli nyingine ili wapate kumsema, na mmoja wao alikiita chama chake kikundi cha wanawake walioachwa na waume. Chama kiliamriwa kuhama katika ofisi za Serikali kilizokuwa kikizitumia, kikahamia nyumbani kwake. Tarehe 12 Desemba, katika bustani ile ile, Rais mwenyewe alisema kuwa kwa desturi ya Kiafrika mwanamke hupaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza.

Hapa kuna jambo ambalo wengi walioyasikia maneno hayo hawakulitia maanani, nalo ndilo kiini cha habari yote. Je, raia wa kawaida angeulizwa wapi? Baraza la Mji wa Nairobi lilikuwa limesimamishwa tangu mwaka wa 1983, na mji ukaendeshwa na tume iliyowekwa na Serikali mpaka mwaka wa 1992. Kwa hiyo hapakuwa na diwani aliyechaguliwa na watu wa kumlalamikia. Tena kwa sheria ya zamani ya Ardhi ya Serikali, uwezo wa kuigawa ardhi ya Serikali ulikuwa mkononi mwa Rais. Ikabaki korti. Profesa Maathai alikwenda Korti Kuu kuomba ujenzi uzuiwe, na mwezi wa Desemba ombi lake likatupwa. Jaji alisema kuwa yeye hana haki ya kuishtaki kampuni ile.

Maana ya hukumu hiyo yafaa ifafanuliwe. Tuseme kijiji kina kisima kimoja, na mtu mwenye nguvu akakizungushia ua. Mwanakijiji mmoja akienda kwa hakimu, huulizwa, "Wewe umepata hasara gani ambayo wenzako hawakuipata?" Hawezi kujibu, maana kiu ni ya wote. Basi huambiwa arudi nyumbani, kwa kuwa mwenye haki ya kushtaki kwa niaba ya wote ni Mwanasheria Mkuu, naye ni mtumishi wa Serikali hiyo hiyo. Kwa njia hiyo mali ya kila mtu ikawa mali isiyoweza kutetewa na mtu ye yote.

Jumba lilizuiwa kwa njia nyingine. Barua zile zilisomwa katika nchi za nje, na waliotazamiwa kutoa fedha wakaanza kuuliza kwa nini nchi inayoomba msaada ijenge jumba la gharama namna ile. Mwanzo wa mwaka wa 1990 ilitangazwa kwamba jengo lingepunguzwa. Mwanzoni mwa mwaka wa 1992 ua wa mabati ukaondolewa. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, pembe moja ya bustani ilipewa jina la Freedom Corner, akina mama walipofunga kula hapo wakidai wana wao waliofungwa kwa mambo ya siasa waachiliwe.

Mabishano hayakwisha, yalihama tu. Mwaka wa 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu wa Karura, ulio kaskazini ya mji, zilikuwa zimegawiwa wajenzi, na mwezi wa Januari, 1999, Profesa Maathai alipigwa na kuumizwa kichwani alipokwenda kupanda miti huko. Lakini mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya mazingira iliyompa mtu ye yote haki ya kwenda kortini kuyatetea, bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Katiba ya mwaka wa 2010 ilitia nguvu jambo hilo katika kifungu cha 70. Kifungu cha 62 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi na nani huishika kwa amana ya wananchi, na kifungu cha 40 chasema kuwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria haipati ulinzi wa Katiba. Siku hizi mwenye mradi mkubwa hupaswa kwanza kufanyiza uchunguzi wa madhara yake, na taarifa hutangazwa ili watu watoe maoni. Matangazo hayo huandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza kigumu, nayo huwa na siku zake za mwisho; mwenye kungoja mpaka aone mabati yamesimama huwa amechelewa, ijapokuwa korti bado i wazi kwake.

Katiba hiyo ilitiwa sahihi na kutangazwa tarehe 27 Agosti, 2010, mbele ya umati mkubwa wa watu waliosimama juu ya majani ya Bustani ya Uhuru.