Kamera ya mtumba na amana iliyomo ndani yake

Siku ya gulio hapa Lupiro, penye njia panda inayotenga barabara ya Mahenge na ile ya Malinyi, bidhaa za mtumba humwagwa juu ya maturubai tangu alfajiri. Katikati ya viatu vilivyopoteza wenzao na redio zilizokwisha sauti, tuliona kamera ya Yashica ndani ya mkoba wa ngozi uliochanika. Muuzaji alitaja bei inayolingana na kilo chache za mchele, nasi tukalipa bila kuvutana naye. Kwa wakusanyaji wa kamera za zamani kama sisi, hiyo ilikuwa riziki isiyotarajiwa.

Tulipofika nyumbani ndipo tulipotazama kidirisha kidogo kilicho juu ya kamera, kile kinachohesabu picha zilizopigwa. Kilisoma 31. Kamera za namna hii zina desturi ya kurudisha hesabu mwanzo pindi mlango wake wa nyuma unapofunguliwa. Maana yake, tangu mtu fulani alipopiga picha ya 31, mlango ule haukufunguliwa tena. Tukazungusha taratibu kile kishikio cha kurudishia mkanda, kikawa kizito mkononi. Ndani mlikuwa na mkanda wa watu.

Ndugu msomaji, kwa vijana waliozaliwa katika zama za simu, jambo hili linahitaji maelezo. Kamera ya mkanda haioneshi picha papo hapo. Mwanga hupenya kwenye lenzi na kuugusa mkanda uliopakwa dawa, na picha hukaa humo bila kuonekana mpaka mkanda usafishwe kwa dawa nyingine gizani. Mkanda wa kawaida hutoa picha 36. Ukifungua mlango wa kamera mwangani kabla ya kuurudisha mkanda kwenye kikopo chake, picha huungua zote kwa dakika moja. Ndiyo sababu hatukufungua, tukaiweka juu ya meza na kuanza kujiuliza.

Mara nyingi tunaulizwa tunapata faida gani kwa kukusanya vyombo hivi ilhali kila mkono una simu. Jibu letu ni kwamba mwenye picha 36 tu hufikiri kabla ya kubonyeza. Mikanda siku hizi ni adimu na ghali, hivyo watoto wetu tumewagawia picha 6 kila mmoja kwa likizo nzima, nao wamejifunza kungoja, kuchagua na kuomba ruhusa ya mtu kabla ya kumpiga picha. Haya ni malezi, na hayapatikani kirahisi kwa chombo kinachopiga picha mia kabla ya adhuhuri.

Kwa anayetaka kuanza, tunausia mambo machache. Kamera zilizoenea zaidi katika mitumba yetu ni Yashica za Japani, Zenit za uliokuwa Umoja wa Kisovieti na Praktica za iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Zenit E haihitaji betri kabisa. Yashica MF-2 hutumia betri mbili ndogo zinazopatikana katika duka lolote. Kabla ya kununua, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na bonde letu la Kilombero lenye unyevu ni makazi yake. Kagua mahali pa kuwekea betri usije ukakuta kutu ya kijani. Gusa sponji za ukingo wa mlango. Joto huziyeyusha zikawa kama ulimbo, na hapo mwanga huvuja ndani. Lakini kabla ya kufungua mlango huo, hakikisha kwanza kwamba hamna mkanda.

Kuhusu utunzaji, jibu la bonde letu limo ndani ya bonde lenyewe. Mchele mkavu uliopashwa moto chunguni bila mafuta, ukapozwa, kisha ukafungwa katika kitambaa safi, hunyonya unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko. Sisi huweka kila kamera na kifurushi chake cha mchele, na kila baada ya muda tunaupasha tena.

Chombo hiki si kigeni kwa umma wetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alichunguza namna mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuchora sura ya vitu ndani ya chumba cha giza, akaieleza elimu ya mwanga na kuona katika Kitab al-Manazir. Ofisa wa Misri, Muhammad Sadiq Bey, alipiga picha za Madina mwaka 1861 na za Makka mwaka 1880, miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za miji hiyo mitukufu. Na katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya mtumba, Box Brownie. Mwaka 1963 alifungua kampuni yake ya picha hapo Dar es Salaam. Akaja kuipiga picha ibada ya Hija, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu ukatoa msaada. Kutoka kamera iliyotumika mikononi mwa mtu mwingine, Mwenyezi Mungu alijaalia kheri ya namna hiyo.

Hatufichi kwamba wanazuoni wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akiruhusu picha za kamera, kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wengine, akiwamo Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, walizikataza picha za viumbe wenye roho isipokuwa kwa dharura kama vitambulisho. Kila familia imfuate mwanachuoni inayemwamini. Hata hivyo, swali lililokuwa mezani kwetu halikuhusu kupiga picha. Picha zilikwisha kupigwa, na mwenyewe hakuwapo.

Tulikwenda kwa imamu wetu baada ya swala ya Isha. Tulidhani atatuambia ama tuutupe mkanda ule ama tuusafishe tujifurahishe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mlichonunua ni kamera. Picha hamkuzinunua." Akatukumbusha kwamba tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na kwamba aliyeokota kitu cha watu hukitangaza mwaka mzima kabla ya jambo jingine. Akatupa masharti mawili. Mwanamke wa nyumba awe wa kwanza kuzitazama, na tutazame kwa kiasi cha kumjua mwenyewe tu.

Basi tukausafisha wenyewe. Mkanda ulikuwa wa rangi, na dawa zake zinataka joto la nyuzi 38 lisiloyumba, jambo tusiloliweza. Lakini mkanda wa rangi ukisafishwa kwa dawa za picha nyeusi na nyeupe, hutoa picha isiyo na rangi, nasi hatukuhitaji zaidi ya hapo. Dawa hizo zinataka maji ya nyuzi 20, ilhali maji ya bomba hapa huwa ya uvuguvugu hata usiku. Tulichota maji ya mtungini yaliyolala kivulini siku mbili, tukapima kwa kipimajoto. Usiku tuliziba dirisha kwa khanga na blanketi, tukaurudisha mkanda kwenye kikopo chake, kisha tukauhamishia kwa kupapasa ndani ya chombo cha kusafishia kisichopenya mwanga.

Ulipotoka, sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu mfano wa moshi. Miaka na joto vilikuwa vimekula picha 20. Picha 11 zilisalia, hafifu lakini zenye sura za watu. Tuliuweka mkanda juu ya kioo cheupe chenye mwanga, tukazipiga kwa simu na kuzigeuza ili cheusi kiwe cheupe. Mmoja wetu, mama wa nyumba, alizitazama peke yake kwanza. Akatenga 4, akazitia ndani ya bahasha na kuifunga. Zilikuwa za wanawake uani siku ya harusi, vichwa wazi, katika furaha isiyokusudiwa macho ya nje. Zilizobaki tukazitazama pamoja. Kivuko cha Mto Kilombero kikiwa na baiskeli na magunia, picha za zama zilizotangulia kufunguliwa kwa Daraja la Magufuli mwaka 2018. Watoto wa Idd. Na mwanamke aliyeketi mkekani, akipepeta mchele kwa ungo, akicheka.

Muuzaji wa gulioni alitwambia kwamba vitu vyake alivinunua kwenye nyumba moja ng'ambo, upande wa Ifakara. Tulivuka daraja, tukauliza msikitini, tukaelekezwa kwa bibi mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa mpigapicha wa kutembea, mwenye kuzunguka vijijini kwa baiskeli katika harusi na sikukuu. Alipougua, mkanda wa mwisho ulibaki haujamalizika, na hakuinuka tena. Wajukuu ndio waliouza kamera bila kujua. Bibi alizishika zile picha kwa muda mrefu, karibu na macho. Bi harusi alimtambua, ni mtoto wa jirani yake. Na yule wa ungo alimtambua pia, akatamka jina lake, akasoma dua.

Mwanamke yule alifariki miezi michache baada ya picha hiyo, akiacha mtoto mchanga. Picha chache za familia zilipotea katika mafuriko ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Mtoto huyo sasa ni fundi uashi, na tulimkuta kazini, mikono imejaa saruji. Alikwenda kunawa kwanza. Aliitazama picha kimya, kisha akauliza swali moja kwa bibi tuliyefuatana naye, "Kumbe mama alikuwa na mwanya?" Bibi akamjibu kwamba ndiyo. Tulipomwangalia akitabasamu, tuliuona mwanya uleule.

Bi harusi wa zamani, ambaye sasa ana wajukuu, alikabidhiwa bahasha mkononi mwake na mwanamke mwenzake, pamoja na vipande vya mkanda wenyewe. Picha zilizokuwamo kwenye simu zilifutwa mbele yake. Alibaki na 2. Nyingine 2 alizichoma jikoni siku ileile, nasi tukafarijika kuona haki hiyo imerudi kwake. Laiti tungaliziweka mtandaoni kwa nia njema ya kumtafuta mwenyewe, kama wafanyavyo wengi, asingalikuwa na cha kuchoma.

Tunaandika haya kwa kuwa katika nyumba zetu mna mamia ya mikanda ya namna hii, ndani ya makopo ya biskuti, juu ya makabati, katika masanduku ya wapigapicha waliotangulia mbele ya haki. Wajane na watoto wao wanauza kwa kilo, au wanaacha mvua iamue. Tunawaomba mambo matatu. Kabla ya kuuza kamera ya marehemu, iangalieni kama ina mkanda. Mikanda iliyosafishwa msiitupe, iwekeni pakavu, muandike juu ya bahasha majina mnayoyakumbuka wakati wanaoyakumbuka wangali hai. Na anayenunua, kama sisi, ajue kwamba sura za watu si sehemu ya bei. Siri ya mtu ni amana, hata mwenyewe asipojua kwamba unayo.

Katika picha 11, tumekwisha kurudisha 8. Zilizosalia ni 3, na mwaka wa kuzitangaza haujatimia. Moja ni ya watoto wa Idd, wavulana wamevaa kanzu, wamesimama kwa mstari mbele ya ukuta wa msikiti, na mmoja wao amegeuza uso. Anayedhani ni yeye, au ni wanawe, awaone wahariri wa gazeti hili. Picha hatutaichapisha. Ndani yake kuna alama moja ambayo hatukuitaja hapa kwa makusudi, na mwenye haki nayo, in shaa Allah, ataitaja mwenyewe.