Mji Uliotolewa kwa Kicheko

Kila aliyekulia katika visiwa vyetu anaujua utaratibu wa vitendawili. Mmoja hutega, mwenzake hutegua, na akishindwa huambiwa, "Nipe mji." Aliyeshindwa hutaja mji, mtegaji akaupokea kwa maringo, akasimulia alivyokwenda huko na alivyokirimiwa, ndipo atoe jibu. Asubuhi yake mji u palepale, na jina lake ni lilelile. Leo tunawasimulia wasomaji wetu habari ya nchi ambako mji ulitolewa kweli, na jina lake halikurudi.

Mnamo mwaka 1940 mtangazaji wa Marekani, Ralph Edwards, alianzisha katika redio mchezo wa chemshabongo ulioitwa Truth or Consequences, maana yake kwa lugha yetu ni Sema Kweli ama Ukione. Asili yake ni mchezo wa watoto ambamo asiyejua jibu hulipa kwa kufanya kituko. Mshindani aliulizwa swali la hila, ambalo jibu lake mara nyingi lilikuwa mzaha mtupu. Na kabla hajawahi kufikiri, king'ora kilichopewa jina la kike, Beulah, kilikwisha lia. Hapo adhabu ilianza, na watu wazima wenye heshima zao walifanyishwa vioja mbele ya ukumbi uliojaa vicheko. Mwaka 1950 mchezo uliingia katika televisheni, na tangu 1956 hadi 1975 uliongozwa na Bob Barker.

Haki lazima isemwe: si kila adhabu ilikuwa ya upuuzi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mama mmoja wa New York alishindwa kujibu, na wasikilizaji wakaombwa kumpelekea senti moja moja. Barua zilimiminika kwa magunia. Mwaka 1948 wasikilizaji walitakiwa kumtambua mtu kwa mlio wa hatua zake, naye alikuwa mchekeshaji Jack Benny. Shindano hilo lilichangisha zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya kupambana na maradhi ya moyo.

Lakini kituko kikubwa kuliko vyote hakikufanywa na mshindani. Mchezo ulipotimiza miaka kumi, Edwards alitangaza kwamba sherehe itarushwa kutoka mji wowote utakaokubali kujiita kwa jina la mchezo huo. Katika jimbo la New Mexico ulikuwapo mji mdogo, Hot Springs, ulioishi kwa wageni waliofuata chemchemi zake za maji ya moto. Miji yenye jina hilo ilikuwa mingi Marekani, na huu ulitaka kujulikana. Wananchi walipiga kura, wengi wakakubali, na tarehe 1 Aprili 1950 matangazo yakafanyika huko. Katika miaka ya 1960 suala lilirudishwa kwenye kura, na jina jipya likashinda tena.

Hatuwacheki watu wale. Waliulizwa, wakajibu kwa kura. Na Edwards naye alitimiza ahadi, kwani kwa takriban miaka hamsini alikuwa akiwatembelea kila mwezi wa Mei. Hata hivyo, Edwards alifariki mwaka 2005, na Barker mwaka 2023. Mchezo wenyewe umekwisha zamani. Watoto wanaozaliwa huko leo huandikiwa katika vyeti vyao jina la mchezo ambao hawakupata kuutazama.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha. Sisi hatusemi kwamba pale pametumbuka usaha. Tunasema kwamba kicheko cha usiku mmoja kinaweza kuacha deni la vizazi. Jina la mahali ni amana. Walioliweka wamekwisha kufa, na wengi watakaolibeba bado hawajazaliwa. Waliohudhuria kikao ni wachache tu kati ya wenye haki nalo. Kwa hiyo ofisa anayeletewa ombi la kuipa skuli, mtaa au bandari jina la mdhamini mkarimu na ajiulize: mdhamini akiondoka, nani atalibeba jina hilo, na atawaeleza nini wanawe?

Katika vitendawili tutaendelea kutoa miji, maana tunaitoa kwa ulimi na ndiyo raha yake. Anayeutaka mji wenyewe, mwanzo na awaulize wenyeji wake, tena awape muda wa kufikiri mrefu kuliko ule wa Beulah.