Miguu ya askari wa miguu

Kiswahili humwita askari asiyepanda farasi wala gari askari wa miguu. Katika mahandaki ya Ubelgiji na Ufaransa, vitani 1914 hadi 1918, jina hilo lilikuwa na uchungu wake, kwa sababu mara nyingi miguu ndiyo iliyotangulia kufa.

Mahandaki yalianzia ufukweni mwa Bahari ya Kaskazini yakaishia mpakani mwa Uswisi, umbali wa kilomita 700 hivi. Hakuna mahali palipowatesa Waingereza kwa maji kama Flanders, kuuzunguka mji wa Ypres. Ardhi ya pale ni ya mfinyanzi na iko chini. Ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Kwa karne nyingi wakulima walikuwa wameichimbia mifereji, na mizinga ikaifumua mifereji hiyo kwa miezi michache. Wajerumani waliwahi kushika miinuko, wakapata pakavu zaidi. Maji yakateremkia walioko bondeni.

Basi mtu alisimama majini usiku na mchana. Viatu vya ngozi vimelowa chepechepe, miguu imezongwazongwa vitambaa vinavyobana kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Kwa baridi ile mishipa husinyaa, damu haifiki vidoleni, ganzi inaingia. Mguu huvimba, huwa wa samawati, na mwisho huwa mweusi. Aliyecheleweshewa tiba alikatwa vidole, pengine mguu mzima. Katika majira ya baridi ya kwanza, maelfu ya Waingereza waliondolewa vitani kwa maradhi hayo, ambayo yaliitwa mguu wa handaki.

Kinga yake haikuhitaji mashine. Askari walipangwa wawili wawili, kila mmoja akakabidhiwa miguu ya mwenzake. Walivua viatu, wakakaushana, wakasuguana kwa mafuta ya nyangumi, wakavaa soksi kavu. Afisa alipita akikagua vidole vya miguu kama anavyokagua bunduki, na kamanda ambaye watu wake waliugua kwa wingi aliulizwa kulikoni. Nimesoma mengi juu ya vita ile, na hakuna linaloniuma kama hili: kijana wa miaka kumi na tisa amechutama gizani, amepakata mguu wa mtu ambaye mwaka jana hakumjua, anausugua mpaka joto lirudi.

Mapigano yenyewe hayakuwa ya kila siku. Alfajiri na magharibi, saa ambazo adui hupenda kuja, wote walisimama chonjo, bayoneti zikiwa bundukini. Mchana walisinzia kwa zamu, wakajaza viroba mchanga, wakachota maji handakini kwa ndoo. Kazi nzito zilingoja usiku: kushona upya seng'enge, kubeba risasi, kuleta chakula. Chakula kilikuwa nyama ya kopo na biskuti ngumu iliyobidi kupondwa au kulowekwa. Maji yaliletwa kwa madebe ya petroli na kutiwa klorini, hivyo chai ilikunywesha vyote viwili. Asubuhi waligawiwa tone la ramu. Panya walinenepa, na kila mtu alijua wamenenepa kwa nini.

Huku kwetu Afrika Mashariki, katika vita hiyohiyo, funza waliwalemaza miguu askari na wapagazi. Wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariakoo, walikufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Kule Flanders, baada ya siku chache mstari wa mbele, kikosi kilipokewa na kingine, kikarudi nyuma kupumzika. Huko askari walikogeshwa ndani ya mapipa makubwa ya viwanda vya bia, wengi kwa pamoja, wakapewa mashati yaliyofuliwa. Shabaha ilikuwa chawa. Askari walikuwa wakipitisha mwali wa mshumaa kwenye mishono ya nguo kuwachoma, bila kujua kwamba ndio wanaoeneza homa ya mahandaki. Hilo lilithibitishwa 1918.  Lakini kufua mashati hakukuua mayai ya chawa yaliyojificha mishononi. Mtu alitoka kuoga, akavaa shati safi, akalala pakavu kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, na joto la mwili wake likaanza kuyaangua.