Ubao wa Sambaza

Sogeeni, watoto, niwaambie habari ya msichana mmoja wa Kasha, upande wa Bagira, hapa Bukavu. Alitaka kumwandikia mama yake ubao wa biashara. Mama anauza sambaza, wale samaki wadogo wanaong'aa. (Msidhani wamekuwa katika Ziwa Kivu tangu enzi za mababu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.)

Akachovya brashi, akaanza na S nene, ya kujivuna. A ikafuata. M ikajitanua kama mtu aliyekalia benchi peke yake. Kufika Z, ubao umekwisha! A ya mwisho ikabanwa pembeni, nyembamba kama njiti ya kibiriti.

Mnacheka? Ubao wangu wa kwanza ulikuwa wa SALUNI, na ile I niliipandisha juu ya kichwa cha N.

Basi msichana akaifuta rangi mbichi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza upya kwa penseli na rula. Mistari miwili, juu na chini. Neno lina herufi 7, kwa hiyo ya katikati ni B. Lakini B haikai katikati kabisa, maana kushoto kwake yuko M, mla nafasi. Basi B husogea kulia kidogo. S ina mgongo wa mviringo: iache ipite mistari kidogo, juu na chini. Ukiifungia ndani itaonekana fupi kuliko wenzake. Na nafasi kati ya herufi usizipime kwa rula. A ina mabega yaliyoteremka, huacha hewa nyingi juu, hivyo jirani yake asogezwe karibu. Unachopima ni ile hewa, tena kwa jicho. Halafu geuza ubao kichwa chini. Hapo husomi tena neno, unaona maumbo matupu, na pengo lililozidi linajitaja lenyewe.

Kazi ya vibao si ya kudharau. Mchoraji Chéri Samba, mtoto wa mhunzi, aliingia Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana mdogo, akafanya kazi kwa wachoraji wa vibao, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Hata alipoanza kuchora picha kubwa hakuyaacha maneno. Aliyaandika humo humo ndani ya picha, mpita njia asimame asome. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris.

Turudi Kasha. Wateja wa Ibanda, upande mwingine wa mji, hawapandi pikipiki kufuata samaki wasiowaona. "Tuma picha," wanasema. Msichana akaweka sahani uani saa sita mchana. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linasimama utosini: migongo ya samaki ikaungua kwa weupe, chini kivuli cheusi ti. Akaingia ndani, akawasha taa ya simu. Vibaya zaidi, samaki wakawa kama misumari.

Mara ya tatu akakaa mlangoni, kivulini, sahani ikitazama mbingu. Chini akatandika karatasi nyeupe, na upande wa giza akasimamisha nyingine ili irudishe mwanga. Picha ikatulia. Lakini mbona sambaza wana wekundu, kama wameona haya? Akatazama huku na huku, hakuna chochote chekundu. Kumbe ni sweta lake! Magamba ya sambaza ni vioo vidogo. Yeyote anayewainamia anaingia ndani. Akalivua, akavaa shati jeupe la shule, akapiga tena. Safari hii walikuwa fedha tupu, macho meusi yanahesabika.

Jioni ubao ukatundikwa, picha zikatumwa. Haikupita dakika tano simu ikalia. Mteja wa kwanza.

"Wazuri sana, mama. Bei gani?"

Mama akamtazama binti yake. Binti akautazama ubao: herufi 7, zimepangana vizuri ajabu, toka ukingo hadi ukingo.