Ulimi Uliofichika Ndani ya Fishi

Kituku, bandari na soko la kandokando ya ziwa Kivu mjini Goma, ndiko zitiako nanga mashua zitokazo Minova zimesheheni chakula cha mji. Na tangu mapigano yalipoikata njia ya nchi kavu ipitayo Sake mapema mwaka 2024, riziki za watu wengi zilitegemea mashua hizo, pamoja na magari yazipokeayo shehena zake ufukoni.

Magari hayo hupita juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, mlima uliotapika moto mwaka 2002 na tena 2021, na kwa sababu ya mtikisiko, vumbi na unyevu, maradhi yake aghalabu hayamo katika taa wala katika batri, bali katika kile kijumba cha plastiki kiunganishacho nyaya, ambacho mafundi hukiita fishi. Ncha ya shaba ya waya iliyomo ndani yake ikilegea au ikiota kutu ya kijani, umeme hupita kwa shida, na joto lizaliwalo hapo huweza kuiyeyusha plastiki.

Ndipo fundi asiye na subira, aonapo ncha haitoki, hushika koleo, akaukata waya na kuufunga kwa utepe. Nami naihesabu kazi hiyo kuwa ni dhuluma kwa mwenye gari, maana fundo hilo hunywa maji na kuoza kimyakimya.

Ncha haikukwama kwa bahati. Hushikwa na ulimi mdogo, ama wa chuma juu ya ncha yenyewe, ama wa plastiki ukutani mwa kijumba, ulioundwa kukubali kuingia na kukataa kutoka, mithili ya ndoana kinywani mwa samaki; na fishi nyingi, fauka ya hayo, zina kufuli la pili, ambalo asiyelifungua kwanza atavuta hata waya ukatike. Kwa hiyo fundi mwenye maarifa huifungua batri upande wa hasi, huandika rangi ya kila waya na mahali pake, hulifungua kufuli hilo, kisha, na hili ndilo wengi hulisahau, huusukuma waya ndani kidogo ili ulimi upumue, ndipo aingize sindano nyembamba, auinamishe ulimi, na kuuvuta waya taratibu kwa vidole. Ukikataa, asizidishe nguvu: achungulie tena kwa kurunzi, kwani yamkini sindano imepita mahali sipo. Na kabla ya kuirudisha ncha, ulimi wa chuma sharti uinuliwe tena kidogo, la sivyo hautashika.

Ewe dereva ungojeaye mzigo Kituku, mpe fundi wako muda wa kazi hiyo, wala usimharakishe kwa kuwa mashua imekwisha kutia nanga.