Miti Migumu ya Kajiado na Kuvu Zake

Katika elimu ya mimea, mti mgumu hautambuliwi kwa uzito wa mbao zake bali kwa mbegu zake kufungika ndani ya tunda, na ndiyo maana mtarakwa, ambao nguzo zake hudumu miaka mingi ardhini, huwekwa katika kundi la miti laini pamoja na misonobari, ilhali migunga yote ni miti migumu.

Mwenye kusafiri Kajiado kutoka Kitengela hadi Namanga huweza kuitambua miti hiyo kwa udongo, gome na miiba. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi hustawi eluai, mgunga mfupi ambao baadhi ya miiba yake huvimba shinani na kukaliwa na chungu. Penye ukavu husimama oltepesi, mgunga wenye kilele bapa kama mwavuli, miiba mirefu iliyonyooka ikichanganyika na mifupi iliyopinda, na maganda ya mbegu yaliyojisokota. Na penye maji humea olerai, mgunga ambao gome lake ni la kijanimanjano. Oloirien, yaani mzeituni mwitu, ambao Wamaasai hutumia vijinga vyake kusafishia vibuyu vya maziwa, ni mti wa milimani, na jani lake ni la kijani kilichokolea juu na hupauka chini.

Kuvu inayoikalia miti hiyo ni kiumbe asiye mmea wala mnyama, anayeishi ndani ya mti kwa umbo la nyuzi nyembamba, na kile kinachochomoza kwenye gome ni kama tunda lake tu. Kuvu nyingi za miti migumu huvunja lignini, yaani dutu inayoupa mti ugumu, na kuuacha ukiwa mweupe na wenye nyuzinyuzi. Ganoderma huota karibu na shina, mara nyingi ikiwa na uso unaong'aa kana kwamba umepakwa vanishi. Phellinus huwa ngumu kama mti wenyewe na hufanana na kwato. Na Schizophyllum commune, iliyo kama pepeo dogo la kijivu, hupendelea matawi yaliyokufa.

Kwa hiyo, anayetaka kuitambua kuvu autambue kwanza mti wake, aangalie kama ungali hai, na kama kuvu imeota shinani au tawini. Gogo lililoanguka liachiwe kuvu lirudi kuwa udongo, lakini mti ulio hai karibu na nyumba, ukichomoza kuvu shinani, ukaguliwe kabla ya upepo kuuangusha.