Kadi ya Gari Ina Jina la Nani?

Mama msomaji, huenda nyumbani kwenu kuna pikapu, gari dogo au pikipiki mliyoinunua kwa jasho la wote wawili. Je, umewahi kuishika kadi yake na kulisoma jina lililoandikwa?

Tabora ni mji wa njia tangu zamani. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na reli ilifika mwaka 1912. Siku hizi watu hununua gari lililotumika Dar es Salaam na kulileta kwa barabara. Muuzaji hubaki huko huko, na kadi huja ikiwa bado na jina lake. Wanandoa husema, "Tutabadilisha baadaye." Baadaye muuzaji anahama, anabadili simu, au anafariki.

Hapo ndipo taabu huanza. Katika kumbukumbu za serikali, mwenye gari ni yule aliyeandikwa. Baba akifariki ghafla, mjane anabaki na funguo mkononi, lakini hana karatasi ya kuonyesha kwamba gari lilikuwa la nyumba yake.

Kuhamisha umiliki ni kazi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), iliyoanza kazi Julai 1996, nayo ina ofisi Tabora. Tayarisheni mambo haya:

- Kadi halisi, si kivuli chake.
- Mkataba wa mauziano uliotiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya wakili.
- Namba ya mlipa kodi (TIN) ya muuzaji na ya mnunuzi, pamoja na vitambulisho vyao.

Kabla ya kulipa, linganisheni namba ya chesisi ya gari na ile iliyo kwenye kadi. Kodi na ada zilipwe serikalini kwa utaratibu wake, na mtunze risiti. Msimpe mtu wa njiani fedha mkononi.

Ikiwa mwenye jina amekwisha kufariki, sahihi ya mjane au mtoto haitoshi. Kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayetia sahihi.

Tusisahau pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inampa mke haki ya kumiliki mali kama mumewe. Mali yenye jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vingine. Yenye majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao sawasawa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini Bi Hawa alifika huko baada ya ndoa kuvunjika.

Ni heri kuzungumza mapema, kwa upole, mkiwa na amani. Jioni moja watoto wakishalala, mwombe baba watoto mtoe kadi, mlisome jina pamoja, na mpange siku ya kwenda ofisini. Kufanya hivyo si kumshuku mwenzako. Ni kuwawekea watoto akiba.